Indiketa ya Ponsian

Ponsian Lyamba amebeba abiria kwa bodaboda mtaa wa Makanyagio miaka tisa, na kijiwe kizima kinajua kosa lake: akishakata kona, husahau kuzima indiketa. Mwezi wa tatu, dereva wa lori aliyesubiri kuingia barabarani aliona taa ya kushoto ya Ponsian inawaka, akadhani anakunja, akaingia. Ponsian hakukunja. Aliishia mtaroni na abiria wake, mwalimu Pelagia, ambaye alivunjika mkono.

Kwa aibu, Ponsian akampelekea pikipiki fundi Evaline, aliyefunga kifaa kidogo chini ya tangi. "Sasa itajizima yenyewe," alisema.

Kesho yake Ponsian alisimama njia panda ya Kabungu, indiketa ikiwaka, akisubiri ng'ombe wavuke. Kabla hajakunja, taa ikazima. Akaiwasha, ikazima tena. Akachanganyikiwa, hata akasahau alikuwa anaelekea upande gani. Akarudi kwa fundi.

"Dada, imeharibika."

"Haijaharibika. Inahesabu sekunde kumi, basi. Haijui kama umekunja."

"Sasa nani anajua?"

Evaline akacheka, akaunganisha waya wa breki, ili kifaa kisihesabu Ponsian akiwa ameshika breki.

Sasa inafanya kazi vizuri. Lakini kidole gumba bado kinakwenda kwenye swichi, na Ponsian hajui kama anazima taa au anaiwasha upya.

Mkono ulipopona, mwalimu Pelagia alipanda tena. "Ponsian, mbona unaangalia chini?"

"Naangalia kama imezima, mwalimu."

"Imezima. Angalia barabara."