Majani Yaliyoungua Kituoni

Nimepigiwa simu nikiwa Ruring'u kwamba yule mama wa Kangema ametuacha. Aliyenipa habari anasema ni ugonjwa. Mimi nakataa, na nyinyi mnaonisoma mnajua nikikataa huwa nataja waliohusika. Tulichuna chai miaka mingi, mashamba yakipakana, na katika rika letu pale kituo cha kuuzia majani nimebaki peke yangu.

Shule niliiacha mapema, kwa hivyo yale aliyotufundisha afisa wa kilimo pale kituoni nitayasema nilivyoyaelewa. Jani limejaa seli, vitu hai vidogo ambavyo macho hayaoni. Seli hizo huvuta hewa na kuchoma polepole sukari ambayo jani liliweka wakati wa jua. Hapo ndipo nguvu ya kuishi hutoka, na joto pia. Ukilichuna haliachi kupumua. Ukilishindilia guniani, joto linakosa njia na jani linaungua likiwa bado bichi. Mama akamuuliza afisa, ati jani amelikata mwenyewe, sasa linapumua na pua gani? Tukacheka, tukaendelea kushindilia kwa magoti ili gunia moja libebe yote.

Halafu siku moja lori likachelewa, kwa sababu mwenyekiti wa kituo alilituma kumbebea mbao zake. Mama alikuwa ameshaonywa: majani yake yakikataliwa tena, namba yake ya kuuzia inafutwa. Mchana alitia mkono guniani, akautoa haraka. Alimwaga majani yote sakafuni na kuyatandaza. Karani wa kituo akafoka kwamba hapo si mahali pa kumwaga.

"Karani, weka mkono hapa," mama akamwambia. "Haya yanakufa, na wewe unaniambia habari ya sakafu."

Hakuuweka. Sisi tukamwaga kama yeye. Lori lilipofika, karani akapokea yetu kutoka sakafu ileile, yake akasema ni machafu. Tulipiga kelele hadi tukachoka. Namba ikafutwa.

Akabaki na chai yake shambani bila pa kuiuza. Kila alipoenda kudai namba, mwenyekiti alimwambia angoje, jambo linaangaliwa. Akawa anachuna mashamba ya watu kwenye baridi, akishinda na kikombe cha strungi, chai bila maziwa. Na sisi pia ni seli. Chakula kisipoingia, mwili huchoma mafuta yake, yakiisha unageukia nyama. Nilimkuta mtaa wa Skuta, kwa binti yake, sweta imekuwa kubwa kuliko yeye. Nikamuuliza anakula nini siku hizi.

"Najila mwenyewe," akasema. "Na bado sishibi."

Karani na mwenyekiti watakuja kwa mazishi, watapewa nafasi ya kuongea, na watamsifu kwa uvumilivu. Mimi sitapiga makofi. Usingizi umenihama tangu simu ile, nazunguka tu nyumbani kama mtu aliyepoteza kitu. Ninalojua ni hili: mtu akikuambia ungoje, usimjibu 'sawa' haraka. Kungoja nako kunachoma, na kinachochomwa ni wewe.