Matobolwa Chini ya Kitanda

Naikumbuka asubuhi niliyoondoka nyumbani, mjukuu wangu, na hadi leo inaniuma. Nilikuwa na miaka kumi na saba, nimechaguliwa kwenda kusoma kidato cha tano bweni, Tabora. Hapa kwetu Buhongwa wakati ule kulikuwa mashamba na mawe, si haya maduka unayoyaona.

Habari ya kuchaguliwa ilipofika nilirukaruka hadi kuku wakakimbia. Kesho yake nikaanza kununa. Mama akinituma maji, nanuna. Akiniuliza kama sare inanitosha, "Sijui!" Loo, nilikuwa na mdomo mimi! Moyoni nilitaka kuondoka, na moyo huohuo ulitaka mama anikataze nisiende. Sasa jambo kama hilo utamwambiaje mtu? Nikaona heri tugombane, ili nikiondoka isiniume.

Mama hakugombana. Alichemsha viazi vitamu, akavikata vipande, akavianika juu ya jiwe nyuma ya nyumba wiki nzima, akikimbia kuvianua kila mawingu yalipojikusanya upande wa ziwani. Ndiyo matobolwa hayo, ya kutafuna shuleni njaa ikibana. Akanifungia mfuko mzima. Mimi nikausukuma chini ya kitanda, eti wenzangu wataniita mshamba! Wahenga walisema mkataa kwao ni mtumwa, ila masikio yangu sijui nilikuwa nimeyaacha wapi.

Stesheni nilimpa mama mkono tu, kama mgeni, nikapanda treni bila kugeuka nyuma.

Nilipofika Tabora nikafungua sanduku langu la bati. Mfuko ule ulikuwa chini kabisa, umefungwa kwa khanga ya mama. Aliukuta kule chini ya kitanda, akaupakia. Nilikaa sakafuni nikalia mbele ya wasichana nisiowajua. Na hao niliowaogopa? Waliyamaliza matobolwa kwa siku mbili, wakaniuliza mama ataleta mengine lini.

Nikaandika barua kumwomba radhi. Mama hakujua kuandika, kwa hiyo majibu aliyaandika mjomba, neno kwa neno kama alivyotamka yeye: "Nilijua huna hasira, ulikuwa unaogopa. Hata mimi niliogopa. Ya matobolwa nimekusamehe. Lakini siku ile ulininyima kulia na wewe, nikarudi kulia peke yangu pale kwenye jiwe."

Mwanangu, basi lako la kwenda masomoni linaondoka stendi ya Nyegezi kesho alfajiri. Leo siku ya tatu unakula chumbani, mlango umeubamiza, na mama yako anakunja nguo zako huku akijifanya ana mafua. Mafua gani hayo? Sikiliza. Kutaka kwenda na kutotaka kwenda hukaa ndani ya moyo mmoja, wala si ugonjwa. Ukubwa ni jalala, utabeba mengi huko uendako. Hili usilibebe, maana mimi nimelibeba miaka yote hii na bado ni zito. Toka humo chumbani, nenda jikoni, kaa naye, mwambie unaogopa. Mkilia, lieni.

Mungu akutangulie njiani, akupe watu wema huko, akurudishe kwenye mlango huuhuu ukiwa mzima. Haya, inuka. Mimi utaniaga kesho.