Kwenu Kabisa

Julieth amechoka. Nasema kwa sababu namwona: cherehani yangu na ndoo zake za rangi viko baraza moja hapa Gongoni, Tabora mjini, mwaka wa kumi na mbili sasa. Anatengeneza batiki. Mikono imepasuka kwa dawa ya rangi, kiuno hakinyooki, lakini kinachomchosha zaidi ni wateja.

"Kwenu wapi, mama?"

"Ulyankulu."

"Siyo hapo. Kwenu kabisa."

Basi huinamisha kichwa na kusema Burundi, nchi aliyotoka mwaka sabini na mbili akiwa tumboni mwa mama yake. Hajawahi kuikanyaga. Mababu zangu mimi walikuja Tabora na misafara kutoka Manyema, huko Kongo, na hakuna anayeniuliza kwetu kabisa. Inaniudhi sana.

Mwaka jana akaamua: kama kwao ni Burundi, basi ataivaa. Kikapu cha unga cha mama yake kina nakshi ya meno meusi yanayozunguka, na Julieth aliamini ndicho kitu pekee kilichotoka huko. Akaichonga kwenye sponji ya godoro, akachovya kwenye nta ya moto, akagonga kitambaa. Mara tatu nta ilivuja, meno yakaungana. Mara tatu akaanza upya. Alitaka mama yake aione kabla macho hayajazimika.

Tulimpelekea Ulyankulu, kwenye makazi ya wakimbizi alikomzaa Julieth. Bibi, mama yake Julieth, akaisogeza hadi puani, akacheka.

"Mbona hii ni nakshi ya Mama Kulwa?"

"Mama Kulwa yupi?" Julieth akauliza.

"Mnyamwezi wa kijiji cha pili, aliyekuwa akituletea mihogo tulipofika. Ndiye aliyenifundisha kusuka. Mimi nilikuja sijui kusuka hata kamba."

"Sasa ya kwetu iko wapi, mama?"

"Mwanangu, nilitoka mikono mitupu. Nilikuwa na wewe tu."

Julieth alilia. Mwaka mzima wa kazi! Mimi nilikasirika, sijui hata nilimkasirikia nani. Bibi alijifunga kitambaa kiunoni, akauliza kama kipo kingine ampelekee binti wa Mama Kulwa.

Jumatatu, barazani kwetu, mteja akashika batiki nyingine yenye nakshi ileile.

"Nzuri. Kwenu wapi, mama?"

"Ulyankulu."

"Siyo hapo. Kwenu kabisa."

Julieth alikuwa akikamua kitambaa. Safari hii hakuinamisha kichwa.

"Ulyankulu," akasema, nami nikasimamisha cherehani ili nimsikie vizuri.