Siku Amiba Wangu Walipogoma Kula

Jamani, aibu niliyoipata siku ile chuoni, pale Wandegeya, ningeweza kuificha, lakini nyinyi ni rafiki zangu, basi chekeni taratibu. Nilikuwa natetea utafiti wangu wa shahada ya pili mbele ya walimu watatu, wakiukataa narudia mwaka, na mama yangu (polisi mstaafu, kavaa gauni jipya la gomesi) kakaa mstari wa mbele kabisa.

Utafiti wenyewe si mgumu, msiogope. Amiba haonekani kwa macho, lakini huwameza bakteria kama sisi tunavyomeza matoke. Sasa kuna bakteria niliowatoa kwenye udongo wa kinamasi kule Bugolobi, hao hawaliki. Nilidai wanatengeneza sumu ya kujilinda. Walimu wakataka ushahidi kwamba sumu hiyo inatoka nje ya miili ya bakteria hao.

Visahani vya maabara vilikuwa vimebaki vichache, nikaona nibane matumizi, nikapanda bakteria wanaoliwa na hao wakorofi kwenye rojo iliyoganda ya kisahani kimoja, hawa upande huu, wale upande ule, amiba nikawamwaga kote. Kisha nikajigamba, "Waheshimiwa, mtaona amiba wakila!" Hadubini ikarusha picha ukutani, kubwa kama mlango, na amiba wangu wote wamejikunja duara, hakuna anayetikisika.

"Nyabo, bibie, hawa wamefunga?" akauliza Profesa, mwenyekiti wao.

Mama naye, kwa sauti ya paredi: "Mwanangu, hao wamekufa! Nani aliwapikia?"

Ukumbi ukaangua kicheko, nikakimbilia kuizima hadubini, kiwiko kikasukuma kisahani pembeni, na huko, mbali na wakorofi, amiba walikuwa hai wanakula kwa raha zao! Nikakirudisha polepole. Kadiri tulivyowakaribia wale wa kinamasi, amiba walizidi kuzubaa, wakajikunja, wengine wakapasuka, na hakuna bakteria aliyewagusa.

"Rudisha tena," akasema Profesa, safari hii hacheki. Akatazama, akawageukia wenzake. "Sumu inasambaa ndani ya rojo. Si ndicho tulichomwomba?"

Nilipita, jamani! Mama alipiga vigelegele mpaka askari wa getini akaja kuchungulia kuna harusi gani.

Ila nimeapa: kila bakteria na kisahani chake, na hadubini nitaichungulia mwenyewe kwanza, kabla sijamwalika mtu yeyote kutazama, hasa aliyenizaa.