Jina Lililoelekea Kivukoni

Juzi, pale Likoni, nilisikia harufu ya rangi mbichi kwenye kibanda kipya, nikakumbuka alasiri mama alipofungua kibanda chake cha mahamri.

Fundi wa rangi alimuuliza, "Niandike Mama Rukia?"

"La. Andika Salimu Bakari. Kubwa, lielekee kivukoni."

Nilishtuka; hilo lilikuwa jina la baba. Baba alikuwa amekwenda Uarabuni kutafuta kazi, barua zikakatika. Mama hakuwahi kumtaja kwa jina. Kwetu mke humwita mumewe Baba Fulani. Nikadhani ameacha kumheshimu.

Kumbe alitaka kila ashukaye feri alisome, huenda mmoja akasema, "Huyu namjua."

Hakuna aliyesema. Rangi ilipofifia, mama, asiyejua kusoma, alizifuatisha zile herufi kwa brashi, moja moja.