Niliposema "Ni Utani Tu", Mjomba Akaikosa Meli ya Hija

Ndugu wasomaji, kosa ni langu. Naliandika mwanzoni kabisa ili msihangaike kumtafuta mwenye nalo. Huku kwetu Ruangwa wanamtaja mtu mwingine, na mimi mwaka wa tatu huu nimenyamaza nikimwacha alibebe.

Mjomba wangu, kaka yake mama, ndiye aliyenilea. Watu wa kusini mnajua mjomba ni nani kwetu. Kwa wageni niseme tu kwamba baba alinizaa, lakini mwenye neno juu yangu alikuwa mjomba. Alikuwa mkulima hapa jirani na Mbekenyera, mtu wa mtama, ufuta na mikorosho michache, asiye na makuu.

Tamaa yake ilikuwa moja tu, kwenda kuhiji. Miaka mingi aliuza ufuta na nta akaweka, akavaa kanzu ile ile mpaka mkewe akaona haya kuianika uani. Mwaka ule alipotimiza nauli, kijiji kizima kilikuja kula ubwabwa wake. Kila mtu alimtajia marehemu wake ili akamwombee huko, na mwalimu wa chuo cha Kurani akayaandika majina yote kwenye karatasi. Watoto walishaanza kumwita Haji, naye anajifanya kuwakemea huku anacheka.

Nikachaguliwa mimi kumsindikiza hadi melini. Kwa nini mimi? Kwa sababu nilifanya kazi Nachingwea kwenye mashamba ya karanga ya Wazungu, msaidizi wa dereva wa trekta. Mradi ule ulipokufa nilirudi nyumbani na suruali mbili na majivuno ya watu kumi. Dar es Salaam nilikuwa nimefika mara moja, siku nne, lakini nikisimulia ungedhani nimezaliwa Kariakoo.

Basi tukapanda treni Nachingwea hadi Mtwara, kisha meli ndogo ya pwani. Mjomba alitapika njia nzima na kila akitapika anasema alhamdulillahi, maana ni safari ya heri. Tukashuka Dar es Salaam siku ya Ijumaa. Meli ya mahujaji ilikuwa iondoke Alhamisi.

Mwalimu wetu alikuwa ametupa barua tuipeleke kwa mzee mmoja mwenye nyumba ya wageni karibu na msikiti, nyumba ambayo mahujaji wa bara hufikia. Mjomba akanikabidhi fedha za malazi za siku zote zile, akakaa msikitini na mizigo, mimi nikaenda kuulizia chumba.

Nyumba niliiona. Safi, imepakwa chokaa, maji yapo uani. Mzee mwenyewe aliisoma barua, akasema chumba kipo, vitanda viwili, tulete mizigo. Bei aliyotaja tungeimudu kwa fedha zile zile alizonipa mjomba, wala zisingepungua kitu.

Lakini njiani nilikuwa nimeona koti. Koti la sufu, rangi ya kijivu, limetundikwa mlangoni kwa fundi. Limekwisha kuvaliwa, sawa, lakini lilikuwa koti kama lile la karani wetu wa Nachingwea, yule aliyekuwa akituita kwa kidole. Nilisimama pale nikajiona nashuka nalo stesheni. Mtu mzima, jamani, na jua lile la Dar es Salaam, natamani koti la sufu!

Nikarudi msikitini nikamwambia mjomba, "Imejaa."

"Yote?"

"Yote, mjomba. Msimu huu mahujaji ni wengi. Lakini nitapata nyingine."

Nikaipata. Ilikuwa mwisho wa mtaa, ya mama mmoja mnene asiyeuliza jina wala unakotoka, vitanda vya kamba, ukuta umelika chini. Bei yake ilikuwa nusu ya ile, na alitaka alipwe fedha zote siku hiyo hiyo. Nikamlipa, zilizobaki nikanunua koti. Nilimwambia mjomba nimepewa na rafiki tuliyefanya naye kazi. Mjomba akalishika shika akasema, "Rafiki mwema huyo. Umwombee dua."

Jumapili asubuhi nilikuwa nanawa uani nikamwona mtumishi wa mama yule anapita na majani ya mgomba, mabichi, kwapani. Akaingia nayo chumba cha nyuma, akarudi mikono mitupu, akafunga mlango kwa kamba.

Hapo nataka mnisikilize vizuri, maana hapa ndipo ungamo langu lilipo. Mtu wa shamba haambiwi maana ya majani ya mgomba chumbani. Kwetu mgonjwa wa ndui hulazwa juu yake ili vidonda visigande kwenye mkeka. Nilijua. Maji yalinitoka mkononi, nikayachota tena nikamaliza kunawa, nikarudi ndani nikanywa chai na mjomba. Nilijiambia labda ni majani ya kufungia vitu vya sokoni.

Jumatatu akaja mtani wetu. Nimwite Bakari, si jina lake. Kwao ni Naipingo, akifanya kazi ya ukuli bandarini, na alisikia kwa watu wa kusini kwamba tumefika. Ukoo wake na wetu ni watani tangu mababu. Asiyejua utani wetu ajue hivi: mtani anaweza kukuita mtumwa wake mbele ya wakwe zako, akamkamata jogoo wako akamchinja, na huna ruhusa ya kununa. Neno la mtani halipimwi kwenye mizani.

Alisimama mlangoni akapaza sauti, "Watumwa wangu hawa! Nani kawapa ruhusa ya kutoka shambani?"

Mjomba uso ukamfunguka. "Bwana, tumetoroka."

"Na mmekuja kutorokea kwenye nyumba ya ndui! Mzee, Maka watakuhesabu madoa kabla ya kukufungulia mlango."

Mjomba alicheka mpaka akakohoa. Nami nikacheka, tena kwa sauti kubwa kuliko wote.

Bakari akakaa, akala muhogo wetu wote kama haki yake, halafu akanivuta barazani. Huko hakuwa anacheka tena.

"Sikia, sitanii sasa," alisema. "Chumba cha nyuma kuna mtoto anaumwa, mwenye nyumba anamficha. Jirani yake tunafanya naye kazi. Mtoe mzee leo hii. Twende kwa yule mzee wa karibu na msikiti, namfahamu, hakosi nafasi."

Ningesema haya, twende, leo ningekuwa nawaandikia habari nyingine au nisingeandika kabisa. Lakini akilini nilimwona yule mzee akimwambia mjomba, "Mbona kijana wako alikuja Ijumaa nikampa chumba?" Nilimwona mjomba akiligeukia koti. Basi woga wangu wote ukawa wa kuumbuka. Ndui sikuiwaza.

"Tumekwisha kulipa hapa," nikamwambia.

"Acheni fedha zipotee. Njooni basi kwangu, mtalala chini, lakini mtalala."

"Tutaona kesho."

Akanitazama. "Ni mjomba wako huyo, ujue," akasema, akaenda zake.

Nilipoingia ndani mjomba aliniuliza, "Mtani anasema nini huko nje?"

"Ni utani tu, mjomba. Anataka tukalale kwake apate la kutucheka."

"Sikumsikia akicheka."

"Ndivyo walivyo watu wa Naipingo."

Mjomba akafikiri kidogo, akasema, "Haya. Mwenye kuujua mji ni wewe."

Kesho yake, Jumanne, kabla jua halijapanda, bwana afya akaja na askari wawili. Walikwenda moja kwa moja chumba cha nyuma. Mtoto alikuwepo, maskini, na ilikuwa ndui kweli. Hakutoka mtu. Tulipakiwa kwenye gari wote tuliolala nyumba ile, tukapelekwa karantini nje ya mji, tukaambiwa ni majuma mawili na zaidi. Mjomba alimwonyesha bwana afya cheti cha chanjo, tiketi, pasi, na ile karatasi ya majina kwa kutapatapa. Bwana afya alikuwa mtu mpole. Alisema, "Mzee, meli yenyewe haitakupokea ukitoka nyumba ile."

Nguo zetu zilitiwa kwenye pipa la maji ya moto. Koti lilitoka limesinyaa, halimtoshi hata mtoto wa jando. Nililitupa nyuma ya choo na hakuna aliyeliulizia.

Alhamisi alasiri honi ya meli ililia, tukaisikia wote. Mjomba alikuwa ameketi kwenye mkeka na tasbihi.

"Ndiyo hiyo?"

"Ndiyo, mjomba."

"Mungu awafikishe salama," alisema. Kisha akanipa karatasi ya majina, akaniambia nimsomee moja moja, maana macho yake hayakuona vizuri. Nikisoma jina, anamwombea. Tuliyamaliza yote magharibi ikiingia. Nilisoma huku kamasi zinanitoka, naye akanituliza! Aliniambia nisihuzunike, sikuwa na kosa.

Sasa la pili, baya zaidi. Tuliporudi nyumbani watu walijaa barazani. Mtu aliyeagwa kwa ubwabwa na dua amerudi hajafika popote, nanyi mnajua midomo ya watu. Mzee mmoja akauliza, "Kwani nyumba ile mliipataje?"

Mjomba akanigeukia mimi. Wote wakanigeukia mimi.

Nikasema, "Bakari alinielekeza. Nilimkuta njiani Ijumaa ile."

Neno lilitoka lenyewe, na likishatoka halirudi. Nilimwona mjomba analigeuza kichwani, halafu likamkaa sawasawa. "Kumbe ndiyo maana alijua kuna ndui," alisema polepole. "Alitupeleka makusudi, kisha akaja kutucheka."

Ningeweza kumkatiza. Nilinyamaza.

Mjomba akatuma watu Naipingo kwenda kuvunja utani. Wazee wa kule walishangaa, maana jambo hilo halijawahi kutokea. Mwaka uliofuata Bakari mwenyewe alirudi likizo, akaja kwetu na kilemba kipya cha kumpa mjomba. Mjomba alimgeuzia mgongo.

"Mzee, mwulize mpwa wako," Bakari akasema.

"Mpwa wangu keshasema."

Bakari akanitazama, akangoja. Alingoja kweli, ndugu zangu, kama mtu anayekupa nafasi upite mlangoni. Mimi niliinama nikajifanya narekebisha mnyororo wa baiskeli. Akakiweka kilemba juu ya kinu akaondoka.

Safari ya pili haikuwezekana. Nauli iliyorudishwa ililiwa na mwaka wa njaa, na mjomba miguu ikaanza kuvimba. Mwezi uliopita alituita wote. Aliwataka radhi majirani, akamsamehe kila mtu aliyemkosea kwa jina lake, hata yule aliyemhamishia mpaka wa shamba. Akasema, "Amebaki Bakari. Huyo tutakutana kwa Mungu."

Halafu akanishika mkono. "Wewe ulikaa nami karantini siku zote, hukunikimbia. Radhi zangu zote ni zako."

Mnajua nilimjibu nini? Nilisema, "Ahsante, mjomba." Basi. Alifariki kabla ya adhuhuri.

Tulimzika bila watani. Kwetu mtani ndiye anayeingia msibani akamwigiza marehemu, akachekesha wafiwa, akazuia jeneza mpaka apewe kitu, ndipo machozi yanapata pumzi. Katika ukoo wa Bakari hakuja hata mmoja, na wangekujaje? Msiba ulikuwa baridi, watu wanatazamana. Mama yangu alilia kwamba kaka yake kazikwa kama mpita njia. Aliyesababisha alikuwa pembeni yake, amemshika bega.

Wenzangu, nawaomba. Ukitumwa kumtafutia mzee pa kulala, mpeleke ulikotumwa. Ukibakiza fedha yake, mrudishie. Na mtu wa utani akikuvuta pembeni akasema sasa sitanii, mwamini, hata kama kumwamini kutakuumbua. Kuumbuka kwangu kungekwisha siku mbili. Hili halijaisha, na mwenye kulimaliza nimemzika.

Siku ya arobaini wazee watanipa jina lake, kama ilivyo desturi yetu. Nitaitwa yeye. Mama ameshanishonea kanzu.

Kwa Bakari sijaenda. Mara mbili nimetoka na baiskeli nikaishia njiani. Nimeanza na ninyi kwa sababu hamnijui.