Pikipiki ya Asia Iliyogoma Mlimani

Asia binti Fakihi hakuwahi kusema "nadhani". Alisema "ni hivi", na mara nyingi ikawa hivyo kweli, jambo lililowaudhi sana ndugu zake. Baba yake alitoka Kilwa akafungua duka la vitambaa Mbinga mjini. Mzee alipofariki, kaka mtu Ismail alishika duka, na Asia, aliyeachika bila kujuta, akachukua pikipiki kuukuu ya marehemu. Ilikuwa miaka ya ruksa, kila mwenye miguu akijaribu biashara. Yeye aliteremka Mbaha kununua usipa, dagaa wetu wa Ziwa Nyasa, akatupandishia sisi Wamatengo huku milimani. Alivaa suruali ndani ya gauni, mtandio ameukaza kama mtu anayekwenda kugombana. Nilimpenda tangu siku ya kwanza, na hapa Kitura sikuwa peke yangu.

Shida ya pikipiki ile ilikuwa moja. Kuteremka haikuwa na neno, lakini kupanda na mzigo ilizima ghafla, ikakaa, ikawaka tena inapotaka yenyewe. Fundi Cuthbert pale sokoni alibadili plagi, akasugua platini, akailaumu petroli. Kisha aliipanda, akazunguka soko, akairudisha akicheka kwamba ni nzima kabisa. Kuna mafundi ugonjwa ukiwashinda humgeuzia kibao mwenye mgonjwa, na huyu alikuwa mmoja wao. Alimwambia Asia kuwa hajui kubadili gia.

Ismail alichoka na wateja waliokuja kulalamikia usipa uliochelewa dukani kwake. Mwezi wa tatu, Mama Bonifasia, mjane jirani yangu, alipoagiza gunia la usipa kwa ajili ya ngokela yake, Ismail alitoa neno la mwisho. Gunia lisipofika kabla wachimbaji hawajaketi kula, pikipiki inakwenda kwa fundi Meshack wa Litumbandyosi, aifungue apate spea, na Asia atarudi dukani kupima vitambaa. Asia alikubali papo hapo. Baadaye aliniambia kwamba kaunta ile ingemuua, wala hakuwa anatania.

Na ngokela si mchezo. Majirani wanakuja kukuchimbia ngolo, yale mashimo yetu ya kulimia mteremkoni, nawe unawalisha washibe. Ukiwapa ugali kwa chumvi, mwaka ujao utachimba peke yako. Mama Bonifasia alikuwa na shamba kubwa na mgongo mbovu, kwa hiyo alilitazamia gunia lile kuliko mvua.

Siku yenyewe, mlima wa kutoka Mbaha ulipoanza tu, pikipiki ikazima. Manyunyu yalikuwa yanaanguka. Kwa jinsi anavyosimulia mwenyewe, na husimulia kwa raha, kwanza aliipiga teke. Halafu alishusha gunia ili aisukume, akajaribu kiki, ikawaka mara moja. Akapakia gunia, ikazima. Akalishusha, ikanguruma. Hapo hasira zikamwisha, akacheka peke yake barabarani.

"Ugonjwa hauko kwenye injini," alijiambia. "Uko chini ya makalio yangu."

Akafungua siti. Harufu ya samaki ilimpokea, maana mafuta ya usipa yalikuwa yamechuruzika humo safari baada ya safari. Na juu ya waya kulikuwa na alama za meno. Pikipiki ilikuwa ikilala stoo ya Ismail, kati ya magunia ya mahindi, na panya wa stoo ile walikuwa wameguguna mpira wa waya kwa utamu wa usipa. Shaba ilibaki uchi. Mzigo ulipokandamiza siti, shaba iligusa chasisi na moto wa plagi ukakatika. Cuthbert aliizungusha sokoni bila mzigo, angeuonea wapi ugonjwa huo?

Utepe hakuwa nao, na kitambaa kingelowa. Lakini waya ule alikuwa anaujua. Ni wa kutoka kwenye koili kwenda kwenye swichi, na kazi yake ni moja tu, kuzimia injini. Akauchomoa kwenye koili, akafunga siti, akapakia gunia akapanda mlima wote bila kukohoa.

Sisi tulikuwa shambani, nyuma tu ya nyumba ya Mama Bonifasia. Ismail alikuwa amekwisha fika na lori la wanunuzi wa kahawa, amevaa kanzu safi, amekuja kumwomba Mama Bonifasia radhi kwa niaba ya ukoo. Meshack alikuja naye, spana zake mfukoni. Ugali ulikuwa haujaiva tuliposikia mlio bondeni, na nasema kweli, nilitupa jembe nikapiga vigelegele.

Asia alisimama uani injini ikinguruma. "Shikamoo mama," alisema, na Mama Bonifasia aliitikia huku tayari amelikumbatia gunia.

Ismail alikohoa. "Zima hiyo tuongee."

Asia akageuza ufunguo, akauchomoa, akamwekea kaka yake kiganjani. Injini iliendelea kunguruma vilevile.

"Haizimiki tena, kaka," alisema. "Nenda kafukuze panya stoo kwako."

Shamba zima lilicheka. Ismail alibaki na ufunguo mkononi, akiugeuza huku na huku. Meshack aliziacha spana zake kibarazani, akaomba jembe.